Nyumba ya kuku ya Bukavu haiwezi joto la Uvira

Mwanzo wa mwezi wa tisa nilitelemka Uvira. Sikwenda kutembea, wala hakukuwa na matanga. Nilikwenda kwa sababu ya kuku sita waliokufa mchana mmoja, ndani ya nyumba ambayo vipimo vyake nilivitoa mimi.

Mnakumbuka wenzetu wa Uvira walituomba mfano wa nyumba yetu ya kuku, ile ya ukuta wa mbao pande zote, paa la bati na dirisha dogo kama la kibanda cha kuuzia sabuni. Hapa Bukavu imetufaa miaka yote. Usiku baridi ya ziwa Kivu haiingii, mwizi haoni ndani, na asubuhi ukuta mrefu unapokea jua ili kuku wapate moto. Nikaichora kwenye daftari, nikaandika: mita 2 kwa mita moja na nusu. Wenzetu wakatoa pesa kwenye sanduku la likelemba, wakaita fundi, wakanunua mitetea 24. Mmoja wao alikuwa anategemea mayai hayo kwa madaftari na viatu vya mtoto wake wa kwanza kuanza shule.

Njia ya kwenda Uvira mnaijua. Kutoka Bukavu hadi ziwa Tanganyika ni zaidi ya kilomita 100, na mtu anashuka kama mita 700. Asubuhi nilipanda gari nimejifunga kitenge mabegani. Tulipomaliza kona za Ngomo nilikuwa nimekiweka mapajani, na Kamanyola nikakitumia kupepea uso. Toka pale bonde la Ruzizi linafunguka, Luvungi, Sange, kisha mashamba ya miwa ya Kiliba, na upepo unaoingia dirishani ni kama wa mtu anayefunua chungu cha maharagi. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa daftari langu. Nimepita njia hiyo mara nyingi na sikuwahi kufikiri kwamba kuku naye anahisi tofauti.

Dada yangu mkubwa alinipokea, akanipa maji, akangoja ninywe. Halafu akasema, «Twende uione nyumba yako.» Ilikuwa saa nane ya mchana. Akaniambia niingize mkono dirishani. Nikauingiza, nikautoa haraka.

«Hii ni ya kuoka mikate, mdogo wangu, si ya kuku,» akasema.

Siku ile ya msiba kuku walikuwa wamefungiwa mchana kwa sababu jirani alilalamika kwamba wanamchimbulia lengalenga. Jirani hana kosa, lengalenga ndiyo sombe yake ya kila siku. Saa tisa mtoto alipokwenda kuwatazama alikuta wengine wamelala ubavu, midomo wazi.

Kuku hatoki jasho. Mwili wake una moto kuliko wetu, kama nyuzi 41, na njia yake kubwa ya kujipoza ni kuhema na kuinua mabawa ili hewa ipite. Joto likipita nyuzi 30 anaanza kuhema. Likizidi sana, na hewa ya ndani haitembei, kuhema hakumsaidii tena, kwa sababu anaivuta ile ile aliyoitoa. Na kila kuku ni jiko dogo kwa mwenzake. Mitetea 24 katika mita za mraba 3 ni wanane kwa kila mita moja ya mraba. Bukavu walibanana na kupeana joto, nasi tukaona vizuri. Kule chini, wanne kwa mita moja ya mraba wanatosha.

Dalili zilikuwepo, wamama. Majuma mawili kabla ya msiba mayai yalianza kutoka na ganda jepesi, mengine yakivunjika kwenye kikapu. Walidhani ni chakula kibaya. Kuku anayehema mchana kutwa anakula kidogo, na kule kuhema kwenyewe kunaharibu utengenezaji wa ganda. Ukiona ganda jepesi wakati wa kiangazi, tazama paa lako kabla ya kumlaumu aliyekuuzia pumba.

Kesho yake asubuhi dada alinipeleka Kavimvira kwa bibi mmoja anayefuga kuku tangu alipoolewa. Nyumba yake ukiiona unaweza kucheka. Imesimama juu ya nguzo zinazofika magoti, kuta zake ni matete yaliyosimamishwa na kuachwa nafasi ya kidole kati ya moja na jingine, na iko chini ya mwembe. Lakini tulikaa pale hadi adhuhuri na hakuna kuku hata mmoja aliyefungua mdomo.

Yeye ndiye aliyenifundisha jua la Uvira. Linatoka ng’ambo ya ziwa, upande wa Burundi, linapiga moja kwa moja tangu saa moja asubuhi. Jioni milima ya Mitumba inalificha mapema. Mimi nilikuwa nimeandika ukuta mrefu utazame ziwa! Nyumba ya bibi imelala kinyume: ubavu mfupi, uliozibwa na mkeka wa matete, ndio unaotazama mapambazuko, na zile kuta ndefu zinatazama kaskazini na kusini, ili upepo wa kusini wa kiangazi upite katikati yake. Paa lake limetokeza karibu nusu mita kila upande, kama kofia ya mkulima.

Nikamuuliza juu ya usalama, maana sisi tulifunga kuta kwa ajili hiyo. Ukiacha nafasi za kidole, nyoka na kicheche je? Bibi alicheka. Alisema amewahi kupoteza kuku wote usiku mmoja kwa kicheche, na aliingilia chini, siyo kwenye ukuta. Tangu hapo sehemu ya chini, tangu sakafu hadi urefu wa mkono, amezungushia wavu wa waya wenye matundu madogo. Ule wavu wa matundu makubwa unamzuia kuku asitoke tu. Nyoka mdogo na panya wanapita kama wako kwao. Miguu ya nguzo ameiweka ndani ya makopo yenye oili chafu ya gari, kwa ajili ya siafu. Mlango una kufuli, na nyumba inagusana na ukuta wa chumba anacholala. «Mwizi wa miguu miwili,» alisema, «anaogopa kikohozi changu.»

Na kuhusu maji ya mvua alinena neno moja tu: aliitazama milima. Mtu aliyeuona mto Mulongwe mwezi wa nne 2020 hahitaji kuelezwa kwa nini nyumba ya kuku, kama ya watu, haijengwi kwenye mkondo.

Tulirudi kwa dada tukafanya kazi siku mbili. Mwembe hatukuwa nao, kwa hiyo tulianza na paa. Bati hatukulitupa, ni pesa ya kikundi. Tulilipaka chokaa nyeupe, halafu juu yake tukatandika mafungu ya majani juu ya fito, tukiacha nafasi ya kiganja kati ya majani na bati ili hewa ipite. Wengine walitaka majani peke yake. Mimi nilikataa kwa sababu panya wanazaa humo na mvua ikianza yanaoza. Bati chini na majani juu, kila kimoja kinasaidia kingine.

Nyumba tuliigeuza. Tuliing’oa kwenye nguzo, wanawake wanane na fundi mmoja, tukaisogeza upande kama watu wanaobeba kitanda. Tulipoisimamisha tena tukaiongeza mita moja, ikawa mita 3 kwa moja na nusu, sawa na kuku wanne kwa mita moja ya mraba kwa hawa 18 waliobaki. Mbao za kuta ndefu tuliondoa toka kifua kwenda juu, tukaweka matete. Chini wavu, ingawa ulitosha pande tatu tu. Upande wa nne tumeshindilia mawe kwa sasa. Ndani tuliweka fito mbili za kulalia, mita 2 kila moja, zilizo sawa kwa urefu, maana ukipandisha moja wote watagombea hiyo. Kila kuku apate upana wa kiganja kilichofunguliwa.

Kilichobaki ni kazi ya kila siku, na hapa watoto wanasaidia sana. Maji yanawekwa kwenye chungu cha udongo kivulini, si kwenye bidoni iliyokatwa inayochemka juani, na yanabadilishwa saa sita hata kama hayajaisha, kwa sababu wakati wa joto kuku anakunywa karibu maradufu na maji ya moto anayakataa. Chakula kinatolewa alfajiri na jioni. Mchana wa joto tumbo likisaga chakula linaongeza moto mwilini. Udongo wa nje unaweza kunyunyiziwa maji, lakini ndani pabaki pakavu: joto la unyevu ni baya zaidi, na takataka zilizoloana zinatoa harufu inayochoma macho ya kuku. Akikutwa amelegea, apelekwe kivulini, aloweshwe miguu na kishungi, apewe maji kidogo kidogo. Asitumbukizwe ndooni, mmoja wa wale sita alikufa hivyo, mikononi mwa mtu aliyetaka kumwokoa.

Na shauri la lengalenga? Jirani na dada wamekubaliana. Kuku wanafunguliwa saa kumi jioni, bustani imezungushiwa miba, na mbolea ya kuku inakwenda kwa jirani bila malipo. Nilipoondoka tayari alikuwa amebeba karai la kwanza.

Mchana wa mwisho niliingiza tena mkono, safari hii chini ya paa jipya, nikauacha humo nikihesabu hadi hamsini. Joto lilikuwepo, ni Uvira. Mitetea wawili bado walikuwa wanahema, wengine wamekaa wakijichokoa manyoya. Juzi dada alipiga simu: siku hiyo waliokota mayai saba, na hakuna lililovunjika kikapuni.

Deni la kuku sita bado liko. Wenzetu hawakutaka kulitaja, lakini daftari lilikuwa letu. Jumamosi tutazungumza ni kiasi gani kitoke kwenye sanduku letu. Na mwenye kipande cha wavu wa matundu madogo nyumbani, hata mita moja, aje nacho. Kuna gari linatelemka Jumatatu, na ule upande wa nne bado ni mawe.