Treni ya Kasese Juu ya Meza

Mtoto aliyezaliwa hapa Mpondwe katika miaka hii anayajua magari ya kila namna. Malori yanayovuka kwenda Kasindi, upande wa Kongo, humpita mlangoni mchana kutwa. Lakini treni haijui. Reli ya kutoka Kampala hadi Kasese, yenye urefu wa kilomita 333 hivi, ilifunguliwa mwaka 1956, ikanyamaza miaka ya 1990 ilipokuwa ikielekea ukingoni. Sehemu nyingi za njia yake zimemezwa na nyasi. Hata mimi, niliye na miaka thelathini na kitu, sikuwahi kuipanda.

Tulianza kuijenga kwa sababu ya jioni. Baada ya usiku wa tarehe 16 Juni 2023, shule ya sekondari ya Lhubiriha ilipovamiwa na wanafunzi wengi kuuawa, watoto wa mtaa wetu hawakuruhusiwa tena kutoka nje jua likizama. Walikaa ndani, wakisikiliza kila mlio wa mlango. Mke wangu akasema kwamba mtoto aliyenyimwa uwanja hana budi apewe kazi ya mikono, na kwamba cheti changu cha ualimu hakikutolewa ili kikae sandukuni huku mimi nikipiga mihuri ofisini. Basi nikatafuta ubao wa mita 3.

Tulichagua miaka ya 1960, wakati injini za mvuke na zile za dizeli zilipokuwa zikifanya kazi bega kwa bega katika Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Wazee wanaoukumbuka wakati huo bado wapo, ila wanapungua. Huko nyuma zaidi hatungepata wa kumwuliza.

Reli yetu ina upana wa mita 1 kamili. Tulikubaliana kwamba mita 1 ya kweli iwe sentimita 2 mezani. Watoto wakapiga hesabu: kwa kipimo hicho, njia nzima ya Kampala ingehitaji ubao wa zaidi ya kilomita 6 na nusu, na treni yetu ingevuka mpaka bila hati ya kusafiria! Ubao wa mita 3 unachukua mita 150 tu za kweli. Kwa hiyo stesheni ya Kasese imekaa mwisho mmoja, na kinamasi cha mafunjo kilicho kaskazini ya Ziwa George kimekaa mwisho wa pili, kana kwamba ni majirani.

Reli zenyewe ni spoku za baiskeli, 22 kwa jumla, zilizofungwa kwa waya mwembamba uliopitishwa katika vitundu vya ubao. Mataruma ni vipande vya bati. Anayetaka kuiga na aanze na jambo hili: akate kijiti cha sentimita 2, akipitishe kati ya reli mbili kutoka mwanzo hata mwisho. Kijiti kikikwama au kikilegea, hapo ndipo treni itakapoanguka.

Kichwa cha treni kilituchukua majuma manne. Dizeli tuliyoiiga ni ya darasa la 90, iliyoundwa na kampuni ya English Electric ya Uingereza na kuanza kazi kwetu mwaka 1960. Ilikuwa na silinda 12 na nguvu za farasi 1,840. Ilikuwa na ekseli 8, yaani magurudumu 16, ili uzito wake ugawanyike na usiiumize reli nyepesi. Tulikata magurudumu hayo kutoka katika soli za kandambili kuukuu, na kila moja tukalibandika kisahani cha bati kilicho kipana kidogo kwa upande wa ndani, ili lisiteleze nje ya reli. Mwili ni kopo la mafuta ya kupikia lililokunjuliwa.

Hapa ualimu ulinirudia. Watu wengi hudhani kwamba injini ya dizeli ya treni huzungusha magurudumu kama ya lori. Sivyo. Dizeli huzungusha mtambo wa umeme. Umeme huo hupelekwa kwenye mota zilizo chini, na mota ndizo zinazozungusha ekseli. Kati ya zile 8, ekseli 6 ndizo zilizokuwa na mota. Mbili za mwisho, moja kila upande, zilibeba uzito tu. Sisi tuna mota moja, iliyotolewa katika redio ya kaseti iliyokufa, na betri mbili. Inatosha kuvuta mabehewa manne ya viberiti, yaliyojaa mchanga badala ya shaba ya Kilembe iliyokuwa ikipelekwa Jinja kuyeyushwa, kabla ya uchimbaji kusimama mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mafunjo ni nyuzi za katani zilizochambuliwa vichwani. Milima ya Rwenzori ni magazeti makuukuu na gundi ya unga wa muhogo, na theluji yake ni pamba ya mashamba ya hapa Kasese. Mzee mmoja alipoiona aliagiza tuongeze pamba, maana barafu ya ujana wake ilishuka chini kuliko hii ya leo. Tuliongeza.

Tatizo ni rangi. Mzee huyo, aliyefanya kazi ya kupakia mizigo stesheni, anaapa kwamba dizeli ilikuwa nyekundu ya damu ya mzee. Mwenzake, aliyepanda treni hiyo akienda shuleni, anasema ilikuwa ya kijani. Walibishana barazani kwangu hadi chai ikapoa, na watoto wakisikiliza kuliko wanavyosikiliza redio. Kwa sasa kichwa chetu ni cha bati tupu.

Juma hili tumeanza behewa la abiria la daraja la tatu. Afande mmoja jirani, ambaye mama yake alisafiri ndani yake mara nyingi, ameahidi kumleta mama huyo Jumapili, atuonyeshe viti vilielekea upande gani na kuku waliwekwa wapi.