Katesh Haina I

Robo kilo ya sukari ndiyo iliyoniingiza katika mambo haya. Ilikuwa 1984, niko darasa la sita, na sukari Masakta ilikuwa ya mgawo. Unapanga foleni siku duka la kijiji lilipoletewa. Muuzaji aliikunja karatasi ya gazeti kama pembe, akamimina, akaifunga juu. Nyumbani mama aliimwaga kwenye kopo, akaikung'uta karatasi hadi punje ya mwisho, kisha ikawa yangu. Ilikuwa na nusu ya picha ya mtu anayehutubia, tangazo la kifo, na chini kabisa mraba wa visanduku vyeupe na vyeusi, vingine vikiwa na namba ndogo pembeni. Juu yake paliandikwa CHEMSHA BONGO. Chini yake: majibu toleo lijalo.

Toleo lijalo halikufika Masakta. Hata jina la gazeti sikulijua, maana sehemu ya juu ilikuwa imefungia sukari ya mtu mwingine.

Tulilifanya fumbo lile mimi na mtoto wa jirani, tukiwa machungani. Wiki mbili zikapita, tukabaki na visanduku viwili tu. Kidokezo kilisema: hupendeza, huzunguka nyumba, huondoa uhai. Herufi mbili. Tukampelekea Aako. Kwa Kiiraqw mzee wa umri wa babu huitwa hivyo, awe wa ukoo wako au asiwe, na huyu alikuwa jirani tu. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwenye kisomo kilichoanza kushika kasi baada ya serikali kuutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Alisoma kwa kidole, midomo ikitembea.

"Shikamoo, Aako."

"Marahaba. Leteni hilo lenu."

Akasoma mara moja. Akasoma tena. Akacheka hadi akakohoa. "Ua," akasema. "Ua la kunusa, ua wa nyumba, na kuua. Hiki ni kitendawili, watoto. Wamekijengea nyumba tu."

Fumbo likaisha, na hatukuwa na jingine. Ndipo tukaamua kutunga letu.

Karatasi ilikuwa adimu kuliko sukari. Daftari la hesabu lenye miraba lilikuwa moja kwa mwaka, na mwalimu alihesabu kurasa. Kwa hiyo tulichora chini, kwenye vumbi, kwa fimbo ya kuchungia. Kisanduku cheusi kilikuwa kokoto. Hasara yake ni kwamba ng'ombe hawasomi. Ndama mmoja aliwahi kupita katikati ya kazi ya asubuhi nzima akaacha kwato nne palipokuwa na neno "sufuria". Lililosalimika jioni tulilihamishia kwenye karatasi ya ndani ya mfuko wa saruji.

Kwenye vumbi lile ndipo tulipogundua jambo ambalo hakuna aliyetufundisha. Tulianza kwa kujaza mraba wote maneno, bila kokoto hata moja, na kila mara tulikwama mahali pamoja: ukuta wa kulia na ukuta wa chini. Neno la Kiswahili huishia na irabu. Kila neno la mlalo linalofika ukuta wa kulia litaacha pale a, e, i, o au u. Sasa soma ukuta huo kutoka juu kwenda chini: ni irabu tupu, zimepanga mstari kama watu wa foleni. Hakuna neno refu la namna hiyo. Ili "kata" isimame wima ukutani, K lazima iwekewe kokoto nyuma yake, A ipokee neno linalotoka kushoto, T iwekewe kokoto, A ya mwisho ipokee neno jingine. Konsonanti haikai ukutani bila jiwe mgongoni. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mchezo huu ulibuniwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, ukachapwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913. Lugha yake ina maneno mengi yanayoishia na konsonanti. Ukuta wetu hakuujua.

"Kata" lenyewe lilikuwa neno letu la kujivunia. Vidokezo vyake tuliviandika vinne: hukaa kati ya kichwa na mzigo, huchota maji, kisu hufanya hivyo, Masakta ni mojawapo.

Fumbo lisilo na mtu wa kulifumbua ni michoro tu, kwa hiyo tulianza kuyasambaza mafumbo yetu. Nakala tuliandika kwa mkono, mbili au tatu, na waliokwenda mnadani Katesh walizibeba mfukoni pamoja na orodha ya chumvi na betri. Moja ilifika kwenye mashamba ya ngano ya upande wa Basotu, mikononi mwa fundi wa matrekta aliyetoka Pangani. Baada ya majuma mawili ilirudi, imejazwa yote kwa kalamu ya bluu, na mgongoni mwake pana fumbo lake yeye.

Hilo lilitutoa jasho. Mbele ya chombo, herufi tatu. Nyuma ya chombo, herufi nne. Kwetu chombo ni sahani na bakuli. Mbele ya bakuli ni wapi? Kwa herufi za jirani tulipata OMO na TEZI, tukajua tumekosea, kwa sababu omo ni sabuni ya unga na tezi ni uvimbe wa shingo. Tulikuwa sahihi kabisa. Tulipomwandikia kulalamika, alijibu kwamba chombo ni jahazi, omo ni pua yake na tezi ni nyuma anakokaa nahodha. Chini akaongeza methali: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Sisi bahari hatukuwa tumeiona. Maji makubwa tuliyoyajua ni Ziwa Basotu, lenye viboko, ambako mtu hapandi jahazi.

Mabishano yalihitaji hakimu, na hakimu alikuwa kwenye kabati la mwalimu: Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, ya 1981. Tuliruhusiwa kuifungua wakati wa mapumziko, tukiwa tumenawa. Kamusi ilituamulia mengi, lakini ng'ombe ilituachia wenyewe. NG' ni kisanduku kimoja, viwili, au vitatu? Katika nchi ya Wairaqw na Wadatoga huwezi kutunga fumbo na kumwacha ng'ombe nje. Hatimaye tulikubaliana kwamba N ina chumba chake, G ina chake, na ile alama hupanda mgongoni mwa G bila kulipa nauli.

Aako ndiye aliyetuletea shida kubwa kuliko zote. Alikuwa amefumbua karibu kila tulichotunga, na siku moja akarudisha karatasi akiwa amekunja uso.

"Haya yote ni maneno ya watu wengine," akasema. "Jahazi, minazi, nahodha. Sisi tuko wapi?"

Tukaenda kujitafuta. Hapo tukaona kwa nini tulikuwa hatumo. Hanang inaishia na G. Katesh inaishia na H. Haydom, M. Dongobesh, H tena. Majina ya kwetu yanafunga mlango kwa konsonanti, na ule ukuta hauyataki. Masakta inaishia na A, lakini katikati ina K na T zimebanana, mbanano ambao katika Kiswahili unaupata kwenye "daktari" na wenzake wachache wa kuja.

Ilituchukua takriban mwezi. Mraba wa saba kwa saba. MASAKTA tuliilaza mstari wa pili, kutoka ukuta hadi ukuta. HANANG tuliisimamisha kwenye safu ya pili, H ikiwa juu kabisa na A yake ya kwanza ikikanyaga A ya Masakta. KATESH tuliianzisha kwenye K ya Masakta, safu ya tano, ikashuka hadi chini. Sasa yalikuwapo majina mawili marefu yanayoshuka sambamba, na kazi ikawa kuyafunga pamoja yasianguke. Mstari wa nne ulikuwa na A ya Hanang na T ya Katesh: tukapata PAKETI, nyumba ya majani ya chai. Mstari wa sita ulikuwa na G na S, nafasi mbili katikati. Hapo tulikaa siku nyingi. Mwenzangu alilipata akiwa anakunywa maziwa kwao, akaja mbio na maziwa mdomoni: GLASI. Kidokezo alikiandika mwenyewe: hubusu wageni wote.

Ikabaki H ya Katesh, mstari wa mwisho, ukutani. Hakuna kilichokuwa chini yake. Tuliiwekea kokoto kulia na kushoto.

Tukampelekea mwalimu kwanza, kwa fahari. Alikuwa mtu mwema, mgeni kutoka mkoa mwingine. Alisifu, kisha akachukua kalamu nyekundu. "Kiswahili hakipendi neno liishie hivi," akasema. "Ongezeni mstari mmoja, muandike Kateshi. Litakaa vizuri." Akaandika i ndogo nyekundu chini ya H yetu.

Jioni tulimwonyesha Aako. Aliifuata safu ya tano kwa kidole, K, A, T, E, S, H, kidole kikafika kwenye nyekundu kikasimama. Kesho yake, bila kutuaga, alikwenda shuleni, akiwa na fimbo na blanketi lake begani.

"Mwalimu," akasema, "mimi jana nilikuwa Katesh, mnadani. Nimezunguka mji wote. Hiyo i sikuiona."

Mwalimu alicheka hadi akavua miwani. Akachukua kifutio, akafuta mpaka karatasi ikatoboka kidogo.

Nakala ya fumbo lile ilikwenda kwa fundi wa matrekta, ikarudi imejaa isipokuwa Masakta. Alikuwa ameandika pembeni: K na T pamoja? Hapa mmekosea. Tulifurahi kuliko kama angeshindwa yote.

Nilimaliza la saba, nikaondoka. Mkoa wetu ulikuwa Arusha wakati huo. Manyara ilizaliwa 2002, nami nilikuwa mbali siku nyingi. Aako alishafariki. Karatasi ya saruji sijui iliishia wapi.

Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaingia Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Nilikuwa Dar es Salaam, kwenye kijiwe cha kahawa, redio imefunguliwa juu. Kijana aliyekaa karibu nami alisikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma, kisha akauliza, "Hiyo Kateshi iko wapi?"

Nilimweleza ilipo. Sikumsahihisha.

Usiku, baada ya kupiga simu nyumbani na kupata wote wako salama, nilichukua karatasi nikachora saba kwa saba. Masakta ilikuja yenyewe, kisha Hanang, paketi, glasi. Katesh niliiacha iwe ya mwisho. Nilipofika chini niliandika H, nikapaka wino kisanduku cha kulia na cha kushoto, nikaweka kalamu.