Mkono wa Garrick

Nilipopanda ndege kwa mara ya kwanza kwenda London, nyumbani waliniagiza picha za daraja na saa kubwa. Sikuwaambia kwamba nimefuata makaratasi.

Shuleni niliigiza Shylock katika tamthilia ya Mabepari wa Venisi, iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere. Ndevu zangu za pamba zilidondoka kabla kesi haijaisha. Hakuna aliyenipiga picha, na kinyongo hicho ninacho hadi leo. Je, waigizaji wa kabla ya kamera? Sura zao zimebaki kwenye chapa, na hizo ndizo nilizozifuata.

Katika chumba cha michoro cha British Museum kalamu ya wino ni marufuku. Nilibaki na penseli. Nikaletewa chapa ya 1746: mwigizaji David Garrick akiwa Mfalme Richard III, kazi ya William Hogarth na Charles Grignion. Mfalme amegutuka hemani usiku wa kuamkia vita vya Bosworth, macho yamemtoka, vidole vya mkono wa kulia vimetanuka kama anayewazuia wafu wa ndotoni wasisogee. Nilijikuta natanua vyangu chini ya meza.

Kandokando ya mchoro karatasi imebonyea. Ililoweshwa, ikagandamizwa juu ya bamba la shaba lililochongwa na kupakwa wino, na kingo za bamba zikaacha alama. Ndivyo asiyepata kiti kwenye ukumbi wa maigizo wa Drury Lane alivyoweza kumtundika Garrick ukutani kwake. Karne iliyofuata zilikuja chapa za waigizaji za bei rahisi: peni moja bila rangi, mbili zenye rangi. Wengine walibandika vipande vya karatasi ing'aayo juu ya mavazi na panga. Mimi ningebandika mpaka kwenye viatu.

Kesho yake, kwenye maduka ya vitu vikuukuu ya Cecil Court, nilimkuta Ira Aldridge kwenye chapa nyingine, mwigizaji Mmarekani mweusi aliyecheza Othello kwenye ukumbi wa Covent Garden mwaka 1833. Hapa ni Aaron wa tamthilia ya Titus Andronicus, ameshika upanga. Chapa hii ilichongwa kutokana na picha ya kamera, na kamera za enzi zile zilitaka mtu atulie tuli. Ametulia kweli, upanga hauendi popote. Garrick, ambaye hakuwahi kuiona kamera, bado anagutuka.

Hata hivyo nilimnunua Aldridge, chakula cha mchana nikakisamehe. Alirudi nami katikati ya mashati mawili. Daraja nilisahau kulipiga picha.