Sentimita Sita

Baba aliendesha Peugeot 504 yake kama mtu anayechekecha unga. Kidogo kushoto, kidogo kulia, mikono haitulii, hata pale barabara inaponyooka baada ya Gilgil na huna sababu ya kusumbua usukani. Nilikua nikiamini kwamba hivyo ndivyo gari linavyoendeshwa. Nilipoenda shule ya udereva, mwalimu aliniangalia dakika mbili hivi, kisha akauliza, "Madam, kwani stelingi inakuwasha?"

Baba alifariki 2019. Gari likabaki chini ya mparachichi kwetu Njoro, kuku wakalala ndani. Kaka zangu walitaka kumwita mtu wa vyuma chakavu apime kilo. Mimi nikasema nitalichukua, nao wakacheka, kwa sababu wakati huo nilikuwa naishi bedsitta na sikuwa hata na mahali pa kuegesha baiskeli.

Ukiwa na chini ya miaka thelathini huenda Pijo kwako ni gari la mwalimu mstaafu tu. Lakini 504 ilikuwa Gari la Mwaka la Ulaya 1969. Ilishinda Safari Rally 1975, ikarudi na injini ya V6 ikashinda tena 1978. Zile ndefu zilibeba abiria kati ya Nairobi na magharibi kabla ya hizi nissan kuja, na pikapu zake bado utazikuta sokoni zimepakia kabichi mpaka springi zinalia. Ziliendelea kuunganishwa hapa Kenya hadi 2004, miaka mingi baada ya Wafaransa wenyewe kuacha. Ni gari laini. Likipita kwenye shimo, linainama kama mtu anayesalimia wakwe.

Kwa hiyo lilipokuwa linayumba nikiendesha, sikushtuka. Nilidhani ni tabia yake. Nilichekecha kama Baba, na niliona fahari fulani kwamba ni mimi peke yangu kwetu niliyeliweza.

Mwaka juzi, Aprili, nilikuwa nampeleka Mama kliniki Nairobi. Karibu na Kinungi, lori lilikuja upande wa pili kwa kasi. Upepo wake ukatusukuma kushoto, kuelekea ukingoni. Nikarudisha usukani kulia. Hakuna kitu. Nikaongeza. Bado hakuna. Halafu gari likaitika lote kwa pamoja, tukavuka mstari, na nyuma ya lile lori kulikuwa na matatu. Sijui nilifanya nini. Najua tu kwamba tulirudi upande wetu, na dereva wa matatu alituacha na honi ndefu ambayo naisikia mpaka leo.

Mama hakupiga kelele. Mkono mmoja ulishika kishikio cha juu ya mlango na mguu wake ulikuwa umekanyaga sakafu kama aliye na breki yake. Hatukuongea mpaka Limuru.

Gereji niliyoipata ilikuwa Grogan, chini ya mabati, katikati ya maduka ya spea. Fundi alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi. Hakufungua bonati. Alikata kipande cha selotepu, akakibandika juu ya usukani, akaweka kingine kwenye dashibodi mkabala wake. "Sasa zungusha polepole. Nikisema stop, stop." Akainama akitazama tairi ya mbele. Nilizungusha, nikazungusha. Aliposema stop, alitoa futi kamba: sentimita sita.

"Hizi sita zote tairi haijui unafanya nini," akasema. "Hii gari unaiendesha ama inakuendesha?"

Kisha akanifundisha jambo ambalo ningependa kila mwenye gari kuukuu alijue, maana halihitaji pesa. Mtu mmoja anakaa kwenye kiti, injini imezimwa, anatikisa usukani huku na huku kidogo tu. Mwingine analala chini na kuweka vidole kwenye kila kiungo, kimoja baada ya kingine. Palipolegea utapasikia pakigonga kwenye vidole, kama mapigo ya moyo. Alinilaza chini kwenye katoni, nguo zangu za ofisi na zote, akatikisa yeye. Tairodi ya kulia ikagonga. Ya kushoto ikagonga zaidi. Viungo vya ndani kwenye reki, vinagonga. Juu, kile kipande cha mpira kinachounganisha nguzo ya usukani na reki kilikuwa kimepasuka kama kisigino. Kila kimoja kilichangia milimita zake, na jumla yake ndiyo iliyotupeleka mbele ya matatu.

Halafu nikaona kifuniko cha mpira cha reki, kile chenye mikunjo kama kodiani, kinachozuia vumbi. Kilikuwa kimechanika zamani. Mtu alikuwa amekizungushia raba ya tyubu ya baiskeli, ukanda mwembamba, akaufunga kwa fundo bapa lenye ncha mbili zilizokatwa sawasawa.

Lile fundo nalijua. Ndivyo Baba alivyofunga madaftari yetu, magunia ya mahindi, mlango wa banda la kuku.

"Aliyefunga hapa alijua iko shida," fundi alisema. "Lakini vumbi ilishaingia. Vumbi na grisi ni kama msasa."

Jioni nikampigia Mama. Akanyamaza, kisha akasema, "Alijua. Alisema atanunua hizo vitu ukimaliza chuo." Halafu, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya sukari: "Mimi niliogopa hiyo gari miaka yote. Kila safari nilikuwa naomba kutoka mlangoni mpaka tufike."

Sikujua la kujibu. Nilisema nitapiga kesho.

Ushauri ulinijia kutoka kila upande. Mwenzangu kazini, wa Subaru, alitaka niweke usukani mdogo wa kimichezo. Huo ni urembo. Usukani mdogo kwenye gari lisilo na pawa stelingi unakuchosha mabega, na viungo vilivyolegea vinabaki vimelegea. Mwingine akasema niweke bushi za poliyurithani kila mahali. Hizo kweli hukaza gari, lakini hukuletea kila kokoto ya barabarani mpaka kwenye meno, na Pijo lisilo laini ni Pijo la nini? Tukakubaliana na fundi: reki iliyorekebishwa, viungo vipya vya ndani, tairodi mbili, mpira mpya wa nguzo, vifuniko vipya, na bushi za mpira za kawaida. Zilikula zaidi ya nusu ya mshahara wangu. Alipokuwa akifungua tairodi alihesabu mizunguko kwa sauti, ili mpya ziingie palepale na gari lifike kwa watu wa alainimenti bila kula tairi.

Ile raba ilikuwa imetupwa kwenye debe la vitambaa vya grisi. Niliitoa.

Safari ya kwanza nilikuwa vibaya. Gari lilikuwa limepona, mikono yangu haikuwa imepona. Kila nikichekecha, linaitika papo hapo, tukawa tunapiga zigizaga Thika Road kama mlevi, mpaka bodaboda akapunguza kando ya dirisha langu kuniangalia. Ilinichukua wiki kadhaa kujifunza kushika usukani na kuuacha utulie. Usiku mwingine, nikiwa nimechoka, mikono huanza tena yenyewe.

Desemba nilimrudisha Mama Njoro. Alishika kishikio kutoka Nairobi, mguu sakafuni. Baada ya Naivasha lori likatupita, upepo wake ukatugusa, nami nikasogeza usukani kidogo tu. Mama aliniangalia mikono. Tulipopita Gilgil nilisikia mkoromo. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona amelala ndani ya lile gari. Nikazima redio.

Bado linavuta kushoto kidogo. Fundi anasema sasa ni tairi. Mwisho wa mwezi.