Mkeka, Neli ya Kaboni na Alama Nilizozinyima

Muhula uliopita, nikisahihisha mitihani, nilikutana na jibu lililonikosesha usingizi. Swali lilimtaka mwanafunzi aeleze kwa nini neli nyembamba za kaboni, zote zikiwa za atomi za aina moja, hazifanani katika kupitisha umeme. Aliandika sentensi mbili za Kiingereza, akazikata, kisha akaandika kwa Kiswahili: “Ni kama mkeka. Ukiukunja sawa, michirizi yake hukutana. Ukiukunja mshazari, huzunguka kama parafujo. Pembe ya kukunjia ndiyo huamua njia ya elektroni.”

Hilo ndilo jibu. Neli hizo ni tabaka moja la kaboni lenye umbo la sega la nyuki, lililoviringwa hadi kipenyo cha takriban nanomita moja. Kulingana na namna lilivyoviringwa, theluthi moja hivi hupitisha umeme kama metali, na theluthi mbili huwa semikondakta. Tena, uga mkali wa sumaku ukielekezwa sambamba na mhimili wa neli ya metali, unaweza kuifanya iwe semikondakta.

Kanuni zilinitaka nisitoe alama kwa jibu la Kiswahili. Nikazitii.

Tangu hapo nimekuwa nikiitafakari historia ya neli zenyewe. Dunia humtaja Sumio Iijima, Mjapani aliyezieleza mwaka 1991 katika jarida la Nature, kwa Kiingereza. Lakini mwaka 1952 Radushkevich na Lukyanovich walikwisha kuchapisha picha za neli za kaboni katika jarida la Kisovieti, kwa Kirusi. Nje ya nchi yao, wachache walizisoma. Vita Baridi ilichangia. Lugha nayo ilikuwa ukuta.

Watakuwapo wa kusema: basi tushikilie Kiingereza, tusije tukasahauliwa kama wale. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, wale wawili walifikiri kwanza kwa lugha waliyoimudu. Pasipo hiyo kusingekuwa na cha kusahauliwa. Sisi humzuia kijana kufikiri, kisha tukamlaumu kwa kutogundua.

Siombi Kiingereza kifukuzwe. Kifundishwe vyema, kwani ndicho kitakachompeleka kijana wetu kwenye majarida ya dunia. Naomba tu kanuni moja irekebishwe: katika mtihani wa sayansi, mwanafunzi ajibu kwa lugha yoyote kati ya hizo mbili.

Kijana yule atarudia somo. Nitamtungia swali, naye atatakiwa kunithibitishia jambo ambalo sote wawili tunajua kwamba analijua.