Ubao wa getini haukuona msumari

Nilipoacha chuo nilifanya mjengo kidogo. Getini kulikuwa na ubao: "Siku 112 bila ajali." Siku hiyo hiyo msumari ulipenya akala ya jamaa niliyebeba naye kokoto. Nyapara akampa mia mbili, akamwambia aende nyumbani. Kesho yake ubao ukasoma 113.

Wasee, sheria ya fidia ya 2007 inamtaka mwajiri aripoti ajali ndani ya siku 7. Lakini kibarua akilalamika, kesho haitwi kazi. Basi ananyamaza.

Mimi ningehesabu mbao zinazoanguka bila kumgonga mtu. Hizo ziko kila siku, na zinakuonyesha mahali mtu ataumia.

Jamaa alirudi baada ya wiki 2, akichechemea. Ubao ulikuwa 126.