Kuchagua Daraja

Mtu aingiaye katika shindano hupimwa mara mbili. Mara ya kwanza hujipima mwenyewe, faraghani, pasipo shahidi. Mara ya pili hupimwa na waamuzi mbele ya watu. Kipimo cha pili ndicho kisemwacho na kuenea mbali, walakini cha kwanza ndicho kizito, kwa kuwa mtu akikosea hapo, haki ya waamuzi haitamfaa kitu. Jambo hili huonekana wazi katika mashindano ya kutunisha misuli. Humo hamna goli la kufunga wala utepe wa kukata. Mshindani huleta mwili wake tu, akaugeuza mbele, ubavu, nyuma na ubavu tena, nao ukalinganishwa na miili ya wenzake. Basi swali la kwanza la mshindani mpya ni hili: alinganishwe na nani?

Swali hilo lilimfika kijana mmoja wa Kisorya, mwenye umri wa miaka 23. Kisorya iko mwambaoni mwa Ziwa Viktoria, wilayani Bunda katika mkoa wa Mara, mahali ambapo barabara itokayo Bunda hukoma majini, na kivuko huchukua watu na magari kuwapeleka Rugezi katika kisiwa cha Ukerewe. Kazi nyingi za huko ni kazi za mwili: kuvuta nyavu, kupiga kasia, kupakia na kupakua magunia ya dagaa na muhogo. Kazi hizo zilimpa kijana mgongo mpana na mabega ya kutazamwa. Mengine aliyajenga kwa vyuma vya kujitengenezea, yaani makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Aliyemwona akipita alidhani kuwa maumbile yamempendelea. Lakini usione vyaelea, vimeundwa.

Fomu ya mashindano ilimfikia kutoka Mwanza ikiwa zimesalia wiki mbili. Madaraja yalikuwa matatu. La kwanza lilikuwa la watu wa kilo 70 kwenda chini. La pili la waliozidi kilo 70. Katika hayo mawili mshindani huvaa chupi ndogo, ili misuli yote ionekane, ya miguu pamoja na ya kiwiliwili. La tatu liliitwa daraja la umbo. Washindani wake huvaa kaptura ifikayo magotini, tena hugawanywa kwa kimo wala si kwa uzito. Kijana alipanda juu ya mizani ya kupimia magunia, nayo ikasema kilo 73.

Wenzake wa mwaloni walimchagulia upesi. Walimwambia kwamba mtu abebaye gunia la kilo 100 begani hawezi kuandikwa pamoja na wepesi. Aingie kwa wazito, akarudi na heshima ya Kisorya. Maneno yao yalikuwa ya upendo, lakini yalichanganya vipimo viwili. Mwamuzi wa shindano hili haulizi mtu hubeba nini. Huuliza kama bega la kulia limelingana na la kushoto, kama kifua hakikuyaacha mapaja nyuma, na kama misuli imejichora chini ya ngozi. Hayo ni ya tangu mwanzo. Eugen Sandow alipofanya shindano lake kubwa katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, mwaka 1901, waamuzi walitakiwa kutazama ulinganifu wa mwili mzima, wasipumbazwe na ukubwa wa msuli mmoja. Mtu wa kilo 73 akisimama kando ya mtu wa kilo 95 hatazamwi kwa nguvu zake za mwaloni. Huonekana mdogo, basi.

Wala daraja dogo halina aibu. Franco Columbu alizaliwa mwaka 1941 katika kijiji cha Ollolai, kisiwani Sardinia, akawa mfupi wa kimo. Katika mashindano ya Mr. Olympia ya miaka 1974 na 1975 alishinda daraja la wepesi, na taji kuu likaenda kwa Arnold Schwarzenegger aliyeshinda kwa wazito. Hakuacha daraja lake akalifuata la mwenzake. Mwaka 1976 alishinda tena kwa wepesi, na mara hiyo akatwaa taji kuu pia. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Hapo ndipo mwenzake mmoja, aliyemzidi uzoefu wa vyuma, alipompa shauri la pili: ashushe kilo tatu, aingie kwa wepesi. Shauri lilikuwa na akili ndani yake, maana miongoni mwa watu wa kilo 70 angalikuwa mkubwa. Lakini wiki mbili ni chache. Mwili hupunguza mafuta taratibu, kiasi cha nusu kilo au kilo moja kwa wiki. Zilizobaki hazina budi kutoka katika maji. Mwenzake hakuficha jambo hilo. Alimwambia aache kunywa maji siku mbili za mwisho, na vikizidi kuwa vigumu, viko vidonge vya kumkojoza mtu.

Njia hiyo ina makaburi pembeni yake. Mohammed Benaziza, mzaliwa wa Algeria, alikuwa miongoni mwa watunisha misuli bora wa dunia katika siku zake. Mwezi wa Oktoba 1992 alishinda shindano nchini Uholanzi, akafariki muda mfupi baada ya ushindi huo, na kifo chake kilihusishwa na kukaushwa maji mwilini. Maji yakipungua mno, damu huwa nzito, chumvi za mwili hupotewa na mizani yake, na moyo hupigwa hovyo. Ni dhihaka kubwa kwa kijana aliyelelewa ukingoni mwa ziwa kufa kwa kiu kwa hiari yake, ili mizani imsomee kilo tatu pungufu.

Shauri la tatu halikutolewa kama shauri. Mama yake alimwuliza, “Mwanangu, huko utasimama mbele za watu umevaa nini?”

“Chupi ya mashindano, mama.”

“Na wakweo wakiiona picha hiyo? Mahari yenyewe hatujaimaliza.”

Kijana hakuwa na jibu. Alijua kwamba haya ya mama haikuwa ujinga; ni adabu iliyomlea, na ndiyo iliyomfanya aaminiwe katika nyumba anayooa. Kaptura ingalimaliza neno hilo. Lakini ndipo ikamjia shaka iliyo ngumu kuliko zote. Miguu yake ilikuwa nyuma ya mabega yake, kwa kuwa mtumbwi hufunza mgongo kuliko mapaja, naye hakuwa na kiunzi cha kuchuchumaa na vyuma. Kaptura ingalimfichia ila hiyo. Je, angekuwa amechagua, au amejificha?

Shaka hiyo ni ya heshima, nayo hustahili jibu. Kila daraja hufunika kitu na kufunua kingine. Daraja la umbo huyafunika mapaja, lakini hukidai kiuno chembamba, mabega mapana na usimamaji wa utulivu, wala halimsamehe aliyekosa hayo. Daraja hilo liliingizwa katika Mr. Olympia mwaka 2013, na wako walioitoa miili yao yote katika kulitumikia. Kuingia humo kwa mwenye mabega ya kasia ni kwenda mahali alipo na kitu cha kuonyesha. Kujificha kungekuwa kuamini kwamba kisichoonekana hakipo, akaiacha miguu yake ilivyo. Tena daraja hilo lina hekima moja iliyoyapita mengine: hupima kimo. Kilo zaweza kukopwa kwa ulafi au kuibwa kwa kiu, bali kimo hakiongezwi kwa chakula wala hakishushwi kwa kiu. Mtu hupanda jukwaani na kile alicho nacho.

Ni vigumu kuiamini njia nyepesi inapokuwa ndiyo njia ya haki. Kijana mwenye fahari hudhani kwamba lililo sawa sharti liumize. Kijana wa Kisorya aliizuia fomu siku tatu. Siku ya nne aliandika jina lake katika daraja la umbo, akaandika kimo chake, sentimita 170, akampa kondakta wa basi la Mwanza aipeleke. Kisha akaenda kwa fundi seremala kuuliza bei ya kiunzi cha mbao kiwezacho kuhimili vyuma vya mapaja.